Ukishajua kilichomsukuma mtu kutenda, lawama inabaki kwa nani?

MwanaMvita (mwanzisha uzi):

Assalaam alaykum na habari za jioni, wanajamvi.

Naleta jambo zito, na naomba tulijadili kwa utulivu maana linagusa watoto wetu. Hapa Mombasa nasikia kauli mbili zikitoka kinywa kimoja. Kijana wa nyumba yetu akikamatwa na simu ya watu, tunasema, "Si yeye, ni unga," yaani heroini. Kijana wa mtaa wa pili akikamatwa kwa kosa hilohilo, tunasema, "Mwizi ni mwizi," na kuna mtu ameshakwenda kutafuta tairi. Wote wawili wamekulia kwenye vichochoro vya namna moja. Wote wawili walionjeshwa unga na wakubwa wao kabla hawajaota ndevu. Tofauti ni kwamba wa kwanza tunamjua tangu alipokuwa akienda chuoni na juzuu kwapani, na wa pili tumeiona sura yake siku hiyo anapopigwa.

Nauliza: kujua kilichomfikisha mtu kwenye kitendo kunamwondolea lawama? Kama kunamwondolea, hakuna atakayebaki na lawama duniani, kwa sababu kila mtu kuna kilichomfikisha alipo, ila sisi hatujasimuliwa. Kama hakumwondolei, tunapowatetea watoto wetu huwa tunatetea nini?

Swali ni la zamani. Mwaka 1814 Mfaransa Pierre-Simon Laplace aliandika kwamba akili ambayo ingejua mahali ilipo kila chembe ya ulimwengu, na nguvu zote zinazoisukuma, ingeiona kesho waziwazi kama inavyoiona jana. Kwa hesabu hiyo, mkono wa kijana unaoingia kwenye mkoba wa abiria pale Likoni ulikuwa njiani kabla babu yake hajazaliwa. Fizikia ya karne ya 20 iliitikisa picha hiyo, maana kwenye chembe ndogo kabisa mambo huenda kwa uwezekano, si kwa uhakika. Hilo halimsaidii kijana wetu. Ikiwa mkono wake ulisukumwa na jambo lililotokea kwa bahati tu ndani ya ubongo, bado si yeye aliyeamua.

Sisi Waislamu wa Pwani swali hili tunalo kwa jina la kadari, yaani yale aliyokwisha kuyaandika Mungu yatokee. Katika karne ya kwanza ya Hijra, kule Basra na Sham (eneo la Syria), watu waligawanyika. Wapo waliosema mja hana lake katika anayoyatenda, wakaitwa Jabriya. Wapo waliosema mja ndiye mwenye vitendo vyake, wakaitwa Kadariya, na baadaye Muutazila wakaishika hoja hiyo wakisema Mungu mwadilifu hamwadhibu mtu kwa asilolifanya. Abul-Hasan al-Ashari, aliyekuwa Muutazila kabla ya kuwaacha, akafundisha kwamba Mungu ndiye muumba wa kitendo na mja ndiye mchumaji wake, yaani anayekipata kikawa chake na akawajibika nacho. Hiyo ndiyo itikadi iliyoenea kwa mashehe wetu wa Kishafii. Wanahistoria wanataja pia jambo ambalo kwangu ni kubwa: baadhi ya watawala wa Bani Umayya, ukoo ulioshika ukhalifa zama hizo, waliipenda kauli ya kwamba kila kitu kimeandikwa, kwa sababu dhuluma yao nayo ingekuwa imeandikwa.

Hapo nataka tukae. Kauli ya "imeandikwa" inaweza kuwa ya kweli na bado ikatumiwa vibaya, kutegemea nani anaisema na kwa ajili ya nani. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko kilipinduka Mtongwe, wakafa watu 272. Kilikuwa kimebeba abiria kupita uwezo wake. Mama aliyempoteza mwanawe siku ile akisema "ni kadari ya Mungu" amesema kweli, na neno hilo linamsimamisha. Likisemwa na aliyekuwa na kazi ya kuhesabu abiria, huyo anajificha nyuma ya Mungu.

Katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Musa alimlaumu Adam kwa kututoa peponi, na Adam akamjibu: unanilaumu kwa jambo aliloniandikia Mungu kabla hajaniumba? Mtume (S.A.W.) akasema Adam alimshinda Musa kwa hoja. Wanaotafuta udhuru huipenda sana hadithi hii. Ila mwanachuoni Ibn Taymiyya na wengine wameeleza kwamba Musa alikuwa akilaumu msiba, yaani kutolewa peponi, na siyo dhambi ambayo Adam alikwisha kuitubia. Kadari hushikwa kwenye misiba. Kwenye makosa haishikwi.

Msimamo wangu basi ni huu. Kila kitendo kina chanzo, cha mwizi na cha shehe pia. Chanzo peke yake hakimwondolei mtu lawama. Kinachomwondolea ni kukosa uwezo wa kusikia neno akabadili mwendo. Na chanzo kikishajulikana, wajibu haupungui, bali wanaoubeba wanaongezeka. Nangoja hoja zenu.

KijanaTudor:

Kaka, umeandika vizuri lakini mbona sayansi imeshalimaliza hili? Benjamin Libet, Marekani, 1983. Watu waliwekewa vinasa umeme kichwani, wakaambiwa wakunje kifundo cha mkono wakati wowote wapendao, na wakumbuke saa ilikuwa imefika wapi walipohisi kutaka. Ubongo ulianza kujitayarisha kiasi cha nusu sekunde kabla ya mkono kusogea. Hisia ya "nataka" ilikuja nyuma yake, imebaki kama sehemu ya tano tu ya sekunde. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani wakatumia mashine ya kupiga picha ubongo, wakabashiri kama mtu atabonyeza kitufe cha kushoto au cha kulia, sekunde kadhaa kabla mwenyewe hajajua.

Na kuna Robert Sapolsky wa Stanford, huyu aliyekaa miaka mingi Maasai Mara akichunguza nyani. Anasema waziwazi kwamba hiari hakuna. Jeni ulizorithi, njaa ya mama yako akiwa na mimba yako, homoni za asubuhi hii, mtaa uliokulia, ukijumlisha vyote huoni pa kuchomeka "mimi nimeamua". Lawama itakaa wapi?

MwanaMvita:

Ndugu yangu KijanaTudor, majaribio hayo ni ya kweli na yanastahili heshima, ila tuyaangalie yalichopima. Ubashiri wa 2008 ulipatia takriban mara 60 kwa 100, na mtu anayekisia tu kati ya kushoto na kulia hupatia 50. Libet mwenyewe hakusema hiari imekufa. Alisema mtu anabaki na nafasi fupi ya kukizuia kitendo kabla hakijatoka.

Kisha mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake wakaonyesha kwamba ule umeme unaopanda kabla ya mkono kusogea huenda si uamuzi hata kidogo. Shughuli za ubongo hupanda na kushuka zenyewe wakati wote. Mtu akiambiwa asogeze mkono "wakati wowote", bila sababu ya kuchagua sasa kuliko baadaye, atasogeza pale upandaji huo unapofika kiwango fulani. Ukirudi nyuma ukajumlisha mara zote alizosogeza, lazima uone umeme unapanda.

Lakini hata Libet angekuwa sahihi kwa yote, hakuna anayelaumiwa kwa kukunja kifundo bila sababu. Kijana anayesimama stejini Mwembe Tayari akikagua mikoba hakati shauri kwa nusu sekunde. Anawaza, anapima umbali, anaangalia nani yuko peke yake, na njia ya kukimbilia anayo kichwani. Tunalaumu mwendo wote huo, na humo maneno, aibu, hofu na huruma vina nafasi ya kuingia.

Kuhusu Sapolsky, orodha yake ya vyanzo naikubali yote. Nisichokikubali ni alikofika nayo. Anasema mtu hatari tumwondoe barabarani kama gari lililoharibika breki, bila chuki na bila lawama. Nia ni ya huruma, nami naiheshimu. Ila mimi siwezi kukaa na mtoto wa jirani kama mtu anayekaa na gari.

Ngao:

Wenzangu, mnaongea falsafa na watu wanakatwa mapanga Kisauni saa moja ya jioni. Akili ya kutoroka polisi wanayo. Akili ya kujua kumkata mtu ni vibaya mnasema hawana? Wafungwe.

UstadhMtaa:

Naongezea kidogo kwa aliyoyataja ndugu MwanaMvita. Imepokewa kwa Abu Daud kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, yaani hawaandikiwi dhambi: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka apate akili. Angalieni hapo sheria imekwenda wapi. Haikuuliza kama kitendo kina chanzo. Imeuliza kama mtendaji ana akili iliyo macho. Aliyelala akiangusha taa nyumba ikaungua, dhambi hana, lakini hasara lazima ilipwe. Mafakihi, wanazuoni wa sheria, wametenganisha dhambi na fidia, na sisi barazani tunavichanganya.

Na wanaosema "likiandikwa litakuwa, kwa nini nihangaike" nawakumbusha khalifa Sayyidna Umar. Alikuwa njiani kwenda Sham, akafika Sargh, akaambiwa kuna tauni mbele. Akaamua kurudi. Sahaba Abu Ubayda akamuuliza, unakimbia kadari ya Mungu? Akajibu ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Kurudi nako ni katika yaliyoandikwa. Mei 2020 Mji wa Kale ulipofungwa kwa ajili ya corona wapo waliosema barakoa ni kukosa imani. Umar imani yake haikuwa ndogo.

KaraniShanzu:

Shehe, shukran. Wacha niseme upande wa mahakama, maana uko karibu sana na hayo.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kifungu cha 9, inasema mtu hawajibiki kwa kitendo kilichotokea bila utashi wake au kwa ajali. Kifungu cha 12 kinamwondolea hatia yule ambaye ugonjwa wa akili ulimfanya asielewe anachofanya au asijue kwamba hapaswi kukifanya. Maneno hayo yanatokana na kanuni iliyowekwa Uingereza mwaka 1843. Ulevi una kifungu chake cha 13, na dawa za kulevya zimo humo. Kwa kawaida ulevi si utetezi. Unakuwa utetezi kama ulileweshwa bila ridhaa yako kiasi cha kutojua ulitendalo, au ulevi umekufikisha kwenye wazimu. Mahakama inaweza pia kuuangalia inapopima kama ulikuwa na nia. Kwa hiyo "si yeye, ni unga" ukiipeleka kizimbani hivyo ilivyo haitakufikisha mbali.

Kwa watoto sheria imebadilika. Zamani umri wa kuanza kuwajibika kwa kosa la jinai ulikuwa miaka 8. Sheria ya Watoto ya 2022 imeupandisha hadi 12, na aliye chini ya miaka 14 anachukuliwa kuwa hajui kutenganisha jema na baya mpaka mahakama iridhike kwamba anajua.

Kaka Ngao, na wewe ukumbuke kwamba hata kwa mauaji, Mahakama ya Juu katika kesi ya Francis Muruatetu, tarehe 14 Desemba 2017, ilisema hukumu ya kifo ya lazima ni kinyume cha Katiba. Sababu moja kubwa ni kwamba ilimfunga mkono jaji asisikilize habari za mshtakiwa: alikotoka, alivyokuwa, kilichomkuta. Mahakama haikusema habari hizo zinafuta kosa. Ilisema kosa lisipimwe bila kuzisikia. Hatia na kipimo cha adhabu ni milango miwili, na mambo ambayo hayapiti kwenye mlango wa kwanza yanapita kwenye wa pili.

BintiKisauni:

Dada KaraniShanzu, asante, hilo la milango miwili limenifungua macho. Mimi nina neno kuhusu "angetaka angeacha".

Wakati wa vita vya Vietnam askari wa Marekani wengi walianza kutumia heroini. Mtafiti Lee Robins alifuatilia waliorudi nyumbani kuanzia 1971. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa ameshakuwa mraibu kule. Waliporudi kwao, katika mwaka wa kwanza ni kama 5 tu kwa 100 ya hao waraibu walioingia tena kwenye uraibu. Unga ni uleule na miili ni ileile. Waliondoka mahali penye dawa rahisi, vita na wenzao wanaotumia, wakarudi penye kazi, wake na wazazi.

Sasa kijana wetu akitoka rihabu, kituo cha kutibu uraibu, anarudi wapi? Anarudi kichochoro kilekile, kwa anayemuuzia yuleyule, na kazi hana. Halafu akianguka tunasema hana msimamo. Mei 2024 gavana wetu alipopiga marufuku muguka, majani ya kulevya yanayotafunwa, wakulima wa Embu wakalalamika, na Rais akasema agizo hilo halina nguvu. Maduka yakaendelea. Nani anahesabu dhamana ya hao wakubwa? Lawama inashuka tu kwenda chini, kwa aliye na nguvu ndogo kuliko wote. Hilo linaniuma.

PadreMtaaWaChangamwe:

Dada, umesema la kweli. Mimi ni Mkristo, na hadithi ya Kaini huwa hainiachi. Kabla hajamuua nduguye, Mungu alimwambia dhambi iko mlangoni inamtamani, na kwamba inampasa aishinde. Onyo linatolewa kwa mtu anayeweza kulisikia. Sijui kuongeza zaidi ya hapo, naendelea kusoma.

Aliyerudi:

Nimesoma yote nikanyamaza. Sasa niseme, maana mnanizungumza mimi.

Nilikuwa teja, yaani mraibu wa unga. Nilianza kwa kuvuta nikafika kudunga. Sasa nakunywa methadoni, dawa ya kutuliza hamu ya unga, pale Kisauni, kila asubuhi mbele ya muuguzi, na namshukuru Mungu kwamba nchi hii ilianza kuitoa dawa hiyo 2014, wengine wetu tukiwa bado hai.

Msiniambie nilikuwa sijijui. Arosto, yale maumivu ya kuukosa unga, ikishika, mifupa inauma, tumbo linaendesha, kamasi zinatoka, na kichwani hakuna kingine. Lakini hata hapo nilikuwa nachagua. Niliiba sufuria za mama yangu, sikuiba kwa jirani mwenye mbwa. Askari akiwa kwenye kona, mkono ulikuwa unangoja aondoke. Viatu vya msikitini niliviona kila Ijumaa sikuvigusa, na wapo wenzangu waliovigusa. Kwa hivyo neno lilikuwa linanifikia. Kwa shida, lakini lilikuwa linafika.

Nisichokiweza ni kuacha kuutaka. Hapo ndipo nyinyi mnaosema "angetaka angeacha" hamjui. Nilikuwa nataka kuacha. Nilikuwa nautaka unga na nilikuwa nataka nisiutake, yote mawili kwa wakati mmoja, na la kwanza lilikuwa na nguvu. Mtu peke yake halishindi hilo. Mimi sikulishinda peke yangu. Kuna vijana wa huduma walinifuata maskani, pale tulipokuwa tukikutana kutumia, wakanipa sindano safi kwanza, bila kunihubiria, kisha wakanipeleka.

Na hiyo lawama mnayoijadili, ngoja niwaambie. Nyumbani kwetu walipitia hatua mbili. Kwanza walinigombeza, wakalia, wakaniuliza kwa nini. Kisha wakaacha. Wakawa wanafunga milango na kuficha vitu, hawaniulizi chochote. Nikiingia wanahama chumba. Hiyo ya pili iliniumiza kuliko ya kwanza. Siku moja dada yangu mkubwa akaniambia, "Pesa ya karo ya mwanangu uliyoichukua nataka unilipe, na sijakusamehe." Nililia sana siku ile. Nilijua kuna mtu bado ananihesabu.

MwanaMvita:

Ndugu yetu Aliyerudi, Mungu akuzidishie nguvu. Umesema kwa aya chache jambo ambalo wanafalsafa wameliandikia vitabu.

Harry Frankfurt, mwaka 1971, aliandika kuhusu waraibu wa aina mbili. Mmoja anaitaka dawa na wakati huohuo hataki kuitaka. Anapoishia kuitumia anahisi ameshindwa na kitu kisicho chake. Mwingine anaitaka na ameridhika kuitaka. Mwili wao unafanya jambo moja, lakini mmoja yumo ndani ya kitendo na mwingine amevutwa ndani yake. Kwa Frankfurt hiari haitegemei kuwa na njia nyingi zilizo wazi. Inahusu kama matakwa yanayokuendesha ndiyo unayotaka yakuendeshe. Mimi nadhani hapo ndipo huruma yetu kwa watoto wetu inapopata haki yake: tumewaona wakipigana. Kosa ni kudhani yule wa mtaa wa pili hapigani.

Na ulivyosema kuhusu nyumbani kwenu, P. F. Strawson aliyaeleza mwaka 1962. Alisema kuna namna mbili za kumtazama mtu. Ya kwanza ni kumkasirikia, kumshukuru, kuumizwa naye, kumsamehe. Ya pili ni kumwona kama tatizo la kudhibitiwa, kutibiwa au kukwepwa. Ya pili tunaihitaji mara nyingine, kwa mtoto mchanga au aliyepotewa na akili kabisa. Lakini tukiifanya ndiyo pekee, tumemwondoa mtu kwenye jamaa ya watu, hata kama tumefanya kwa upole. Ndiyo maana nilimjibu KijanaTudor vile kuhusu gari. Hii "si yeye, ni unga" tunaitamka kwa mapenzi, na mapenzi hayohayo yanamfuta kijana asiwepo kabisa. Dada yako hakukufuta.

BintiKisauni, nakuunga mkono bila kupunguza. Anayeleta unga kwa wingi, mwenye ofisi anayelijua jina lake akanyamaza, sisi wazazi tunaoona maskani ikifunguliwa nyuma ya nyumba na kusema si wangu, wote hao wana akili iliyo macho kuliko kijana mwenye arosto. Kwa kipimo changu wao ndio wenye lawama nzito, kwa sababu wao neno linawafikia bila shida yoyote.

KijanaTudor:

Bado sijaridhika, kaka, na nasema kwa heshima. Uwezo huo wa kusikia neno, nao umetoka wapi? Si umetokana na ubongo na malezi? Mmoja kazaliwa anasikia kwa urahisi, mwingine kazaliwa na masikio mazito. Phineas Gage, mwaka 1848, chuma kilimpita kichwani akiwa kazini kwenye reli, na waliomjua wakasema si Gage tena. Yeye ilikuwa chuma. Mwingine ni kipigo cha baba tangu ana miaka mitatu. Unamlaumu mtu kwa bahati aliyopewa.

MwanaMvita:

Hapo umegusa penyewe, na sitakupa jibu la kukufunga mdomo. Kweli, uwezo wenyewe tumepewa, hakuna aliyejiumba. Ninachosema ni kwamba uwezo huo una viwango, na lawama iende kwa viwango hivyo. Aliyepewa kidogo adaiwe kidogo. Karani ametuonyesha kwamba sheria inalijaribu hilo kwa watoto na kwa wagonjwa. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, ni kinyume cha Katiba. Mtu yule yule ambaye kitambo angepelekwa korokoroni sasa anastahili daktari. Jamii inaweza kujifunza kupima.

Lakini kutoka "tumepewa kwa viwango" hadi "hakuna anayewajibika" ni mruko ambao siuoni hoja yake. Hata wewe unanijibu hapa ukitaraji nibadili mawazo. Unanichukua kama mtu anayesikia neno. Nakuomba na kijana wa maskani umchukue hivyo, kwa kiasi alichonacho.

MamaKongowea:

Hodi humu. Mimi si msomi. Nauza mitumba Kongowea. Wanangu ndio hunisomea mambo haya, leo nimesoma mwenyewe.

Nilikatwa panga jioni nikirudi nyumbani. Walikuwa watoto. Mmoja hata sauti haijakuwa nzito, na mamake namjua, tunakutana sokoni. Mkono wangu wa kulia hausaidii tena kufungua belo. Mtoto huyo habari zake nimeletewa zote: baba hakuna, shule aliacha, kuna mtu mzima aliyempa panga na vidonge. Kila anayekuja kuniona ananieleza habari zake. Hakuna anayeniuliza habari zangu. Mnasema mizigo igawanywe. Mimi mkono wangu umegawanyiwa nani?

MwanaMvita:

Mama yangu, pole sana, na samahani kwamba uzi wote huu umekwenda bila kukutaja.

Uliyoyasema yananionyesha kwa nini siwezi kuukubali mpango wa kufuta lawama. Ukishamfanya yule mtoto kuwa kitu kilichosukumwa tu, wewe unabaki umejeruhiwa kama aliyeangukiwa na nazi, na nazi haina cha kukudai radhi wala cha kukulipa. Lakini wewe ulikatwa na mtu. Unadai. Unamdai yeye kwa kiasi cha akili yake, unamdai mtu mzima aliyempa panga kwa ukamilifu, na unatudai sisi majirani tulioijua ile nyumba. Ustadh ametaja fidia hata pasipo dhambi, na hiyo si hisani. Huruma yetu kwa mtoto isitolewe kutoka mfukoni mwako.

KaraniShanzu:

Mama, shikamoo, na pole. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inakupa haki ya kusikilizwa kabla hukumu haijatolewa, ukaeleza mkono wako ulivyokuwa na ulivyo sasa. Omba hilo mapema kwa mwendesha mashtaka, usingoje uulizwe. Na yule mtu mzima, kama jina lake linajulikana, lipelekwe katika maelezo. Mara nyingi kesi huishia kwa mtoto kwa sababu hakuna aliyemtaja mkubwa.

MamaKongowea:

Marahaba, mwanangu. Nitaomba.

Jina la mkubwa nalijua, na mtaani wote wanalijua. Nitalisema mbele ya hakimu ikiwa nitapata wawili wa kusimama nami, maana peke yangu naogopa. Mama wa yule mtoto ameshatuma watu mara nyingi niondoe kesi. Nimewajibu aje mtoto mwenyewe, akae mbele yangu, aniambie alichofanya kwa kinywa chake. Akija, radhi nitaipokea. Kesi siiondoi.